MACHO HAYANA PAZIA, LAKINI YANA MWENYEWE



Wazee wetu walisema kwamba macho hayana pazia. Walikusudia kuwa mtu hawezi kulaumiwa kwa kila kinachompitia mbele yake, kwani njia ni ya wote na jicho huona kilichopo. Na neno hilo ni la kweli. Walakini leo nataka tukae kitako, mimi na wewe, tulichungue. Jicho lililoangukia kitu bila ya kukusudia, na jicho lililokaa likatazama, je, ni jicho moja? Na yule asemaye, "Mimi sikufanya kitu, nilitazama tu," je, ni kweli kwamba hakufanya kitu?

Swali hili halikunijia kitabuni. Lilinijia nyumbani kwangu, na lilinijia kwa njia ya aibu.

Usiku mmoja palikuwa na arusi kwa jirani yetu. Wanaume tulikuwa tumeshamaliza nikaha msikitini, tumekula haluwa na kunywa kahawa, tumerudi majumbani. Wanawake walikuwa ukumbini katika kupamba. Wewe uliyelelewa pwani huna haja ya kuelezwa kupamba ni nini. Ni usiku wa wanawake peke yao. Mlango una mlinzi, buibui huvuliwa, na bi arusi huketishwa jukwaani na dhahabu zake, hina yake na asmini zake, akatazamwa na mama zake, shangazi zake na shoga zake, basi. Siku hizi na simu hukusanywa mlangoni. Lakini usiku ule simu moja ilipita.

Mimi nilikuwa sebuleni natazama mpira kwenye televisheni. Mpwa wangu alikuwa kando yangu, jicho moja kwenye mpira na la pili kwenye simu, maana hiyo ndiyo desturi ya vijana wa leo: televisheni huonyesha, na simu huzungumza juu ya kile kinachoonyeshwa. Mara akasema, "Mjomba, hebu tazama, si kwa jirani hapa?" Akanipa simu. Nikaona ukumbi, nikasikia taarabu, nikamwona msichana ambaye nimemjua tangu akienda chuoni na juzuu yake kifuani, sasa yuko kichwa wazi katika pambo lake, mubashara, mbele ya dunia. Juu ya kioo palikuwa na tarakimu: watu mia tatu na kitu wanatazama. Chini, maneno ya watazamaji yalikuwa yakipanda moja baada ya jingine, na majina mengi yalikuwa ya wanaume.

Nilipaswa kuirudisha simu ile papo hapo. Sikuirudisha. Kwanza nilitazama kwa mshangao. Kisha nikatazama nipate kujua ni nani anayerusha. Kisha nikatazama kwa kuwa nilikuwa natazama. Pengine zilipita dakika mbili. Halafu nikampa mpwa wangu simu yake, nikasema, "Astaghfirullah, watu wa siku hizi!" nikarudi kwenye mpira wangu. Sikumpigia simu baba wa bi arusi. Sikumtuma mtu ukumbini, na ukumbi wenyewe hauko mbali na kwangu.

Siku ya tatu bibi yake bi arusi, mama mtu mzima anayetembea kwa bakora, alinikuta barazani. Khabari zilikuwa zimeshaenea. Wakwe walikuwa wamenuna, na ndoa ile changa ilikuwa ikiyumba hata kabla ya hina kufutika. Hakuja kunigombeza. Aliniuliza, "Mwanangu, nawe uliona?" Nikainamisha kichwa. Akasema, "Basi uliona, usitwambie?" Akaenda zake.

Swali lake la kwanza nililijibu kwa kunyamaza. La pili sikuwa na jawabu lake.

Ndugu msomaji, ili tumjibu bibi yule, hatuna budi tujue kwanza kioo hiki kimebadilika vipi, kwani wengi wetu tunakitazama cha leo kwa fikra za zamani. Televisheni ilipoingia kwetu, Kenya mwaka 1962, Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 1970, na Tanzania Bara mwaka 1994, ilikuwa mfano wa dirisha. Kituo kilirusha, watu wakatazama. Ukicheka, kituo hakikukusikia. Ukizima, hakikujua. Mtu wa siku zile aliposema "nilitazama tu" alikuwa na sehemu ya haki, kwa sababu kutazama kwake hakukufika popote.

Kisha mtazamaji akapewa mkono. Mwaka 1999 huko Uholanzi ulianza mchezo uitwao Big Brother. Watu walifungiwa katika nyumba iliyojaa kamera, na watazamaji wakapiga simu kuamua ni nani atolewe. Kisha mtazamaji akapewa kinywa. Tarehe 20 Januari 2009, Barack Obama alipokuwa akiapishwa kuwa rais wa Marekani, kituo cha CNN kiliungana na Facebook. Upande mmoja wa ukurasa yalikuwepo matangazo mubashara, na upande wa pili watu wakiandikiana juu ya walichokuwa wakikiona, wakati uleule. Televisheni na baraza vikakaa mkeka mmoja. Mwisho mtazamaji akapewa kituo chake mwenyewe. Mwaka 2015 ilitoka programu ya Periscope, na mwaka 2016 Facebook ikawafungulia watu kwa jumla mlango wa kurusha mubashara kwa simu zao. Leo katika TikTok mtazamaji hununua sarafu za mtandaoni kwa fedha halisi, akampelekea anayerusha zawadi, kama vile ua la waridi la kuchorwa, na zawadi ile ikaweza kugeuzwa fedha, kampuni nayo ikachukua fungu lake.

Liko na jambo jingine, dogo kwa sura lakini kubwa kwa maana. Mwaka 2012 YouTube ilibadili namna yake ya kuchagua video za kuwapendekezea watu. Kabla ya hapo ilihesabu zaidi watu wangapi wamebonyeza. Baada ya hapo ikahesabu zaidi wamekaa muda gani. Kwa hiyo hata kama hukuandika neno, hukutia alama ya moyo wala hukutuma ua, kukaa kwako kumeandikwa, na kile ulichokikalia kikapata nguvu ya kupelekwa kwa mwingine. Zile dakika mbili zangu mbele ya simu ya mpwa wangu hazikuwa kimya. Zilikuwa kura.

Hapa ndipo nilipostaajabu. Tulipokuwa chuoni tulifundishwa kutenganisha mtazamo wa kwanza, ule unaomwangukia mtu bila ya khiari yake, na mtazamo wa pili, ule anaourudisha yeye mwenyewe. Wa kwanza mtu husamehewa, wa pili huulizwa. Vijana wengi walidhani huu ni ukali wa masheikh wa zamani. Na tazama sasa: wafanyabiashara wa mbali, ambao hawakusoma chuoni kwetu, wamefika palepale kwa njia ya faida. Wamegundua kuwa aliyebonyeza kwa bahati si sawa na aliyekaa, na kwamba mali iko kwa aliyekaa. Ikiwa mfanyabiashara anajua kuwa kukaa kwangu ni kitendo, na anakipimia thamani, mimi nitasemaje kuwa si kitendo?

Tulifundishwa pia kwamba asikilizaye ghiba kwa kuridhia ni mshirika wa anayeisema. Hakusema neno, lakini sikio lake ndilo lililokuwa soko la maneno yale. Ondoa masikio, na msengenyaji hufunga duka. Basi na jicho ni vivyo hivyo. Aliyerusha arusi ile asingeirusha kwa ukumbi mtupu. Kila tarakimu ilipopanda, mkono wake ulizidi kuinua simu ili aonyeshe zaidi. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Nami nilikuwa mmoja wa waliomsifu, kwa kunyamaza na kukaa.

Utaniambia, "Hiyo ni arusi tu, mambo ya aibu na fedheha, yatapita." Sawa. Basi twende mahali ambapo hayakupita.

Tarehe 15 Machi 2019, siku ya Ijumaa, katika mji wa Christchurch huko New Zealand, mtu mwenye silaha aliingia Masjid Al Noor wakati wa sala ya Ijumaa, kisha akaenda msikiti wa Linwood. Waislamu 51 walifariki kwa mashambulizi hayo. Jina la muuaji sitalitaja, kwani Waziri Mkuu wa nchi ile, Jacinda Ardern, naye aliapa kuwa hatalitamka. Alijifunga kamera kichwani, na shambulio la msikiti wa kwanza akalirusha mubashara katika Facebook kwa muda wa dakika kama 17. Hakutaka kuua tu. Alitaka kutazamwa akiua. Aliijua televisheni na alilijua baraza, akaviunganisha.

Sasa sikiliza hesabu iliyotolewa na Facebook yenyewe. Wakati wa kurushwa, matangazo yale yalitazamwa mara zisizofika 200. Katika muda ule wote hakuna mtazamaji hata mmoja aliyebonyeza kuripoti. Ripoti ya kwanza ya mtumiaji ilifika dakika 29 baada ya matangazo kuanza, yaani dakika 12 baada ya kwisha. Mpaka ilipoondolewa, video ile ilikuwa imetazamwa mara 4,000 hivi. Na katika saa 24 za mwanzo Facebook iliondoa nakala milioni 1.5 ambazo watu walijaribu kuziweka tena, nakala zaidi ya milioni 1.2 katika hizo zikizuiwa wakati wa kupakiwa. Baadhi ya vituo vya televisheni navyo vikachukua vipande kutoka mtandaoni vikavionyesha. Simu ikailisha televisheni, televisheni ikailisha simu.

Simhukumu yeyote katika wale waliokuwa mbele ya kioo dakika zile. Wako pengine waliodhani ni mchezo wa kompyuta, wako waliopigwa na bumbuwazi, na wako waliofurahi, Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye. Lakini nilipoisoma hesabu hii niliiona sebule yangu. Na mimi nilipigwa na bumbuwazi. Na mimi sikuripoti. Tofauti baina ya arusi na msikiti ni kubwa kama mbingu na ardhi. Lakini tabia ya aliyekaa kitini ni moja, na tabia ndiyo tunayoilea majumbani mwetu kila usiku, kwa mambo madogo, mpaka lije kubwa.

New Zealand yenyewe ilitoa jawabu lake kisheria. Mwezi uleule mkuu wa idara ya kukagua filamu aliitia video ile katika orodha ya vitu vilivyopigwa marufuku, na kuwa nayo au kuisambaza likawa kosa la jinai. Watu wa sheria walikwisha kuona kuwa anayeiweka mfukoni si mtazamaji tu.

Sasa tuziangalie nyudhuru zetu, kwani nami nilijipa zote.

Ya kwanza: "Jicho langu moja litabadili nini katika mia tatu?" Lakini hao mia tatu ni nini ila jicho moja moja, kila mmoja akisema neno hilihili? Kisima hujazwa taka kwa kikapu kimoja kimoja, na hakuna mwenye kikapu anayejiona kuwa ndiye aliyekiharibu.

Ya pili: "Limeshaenea, mimi nikitazama au nisitazame ni mamoja." Hivi ndivyo linavyoenea. Kila aliyeipeleka mbele video ya bi arusi yule alisema imeshaenea. Wa kwanza alidanganya kidogo, wa pili akadanganya kidogo, mpaka wa mwisho akawa anasema kweli.

Ya tatu ndiyo nzito, nayo yataka insafu: "Mtu asipotazama atajuaje? Na asiyejua atasaidiaje?" Kweli. Dini yetu haikutufundisha kufumba macho mbele ya dhulma. Tarehe 25 Mei 2020, katika mji wa Minneapolis huko Marekani, msichana wa miaka 17 aitwaye Darnella Frazier alisimama njiani akampiga video polisi aliyemkandamiza George Floyd shingoni kwa goti mpaka akafa. Taarifa ya kwanza ya polisi ilizungumza juu ya mtu aliyefariki baada ya tatizo la kiafya. Msichana yule aliiweka video yake Facebook, na ulimwengu ukajua kilichotokea. Mwezi wa Aprili 2021 polisi yule alikutwa na hatia ya mauaji. Lau msichana yule angegeuza uso wake na kusema macho yangu nayahifadhi, haki ingezikwa pamoja na maiti.

Basi tofauti iko wapi baina ya msichana yule na mimi? Wote tulitazama. Yeye alibeba alichokiona akakipeleka mahali kilipopasa kufika, na kubeba kule kulimwelemea. Mimi nilikiona nikakitua palepale. Yeye alikuwa shahidi, mimi nilikuwa mtazamaji. Shahidi hutazama kwa ajili ya anayetazamwa; mtazamaji hutazama kwa ajili ya nafsi yake. Kipimo hiki si kigumu, hata mtoto anaweza kukishika. Jiulize: ninayemtazama, lau angejua kuwa natazama, angenishukuru au angejifunika?

Kwa kipimo hicho hatuhitaji kuitupa simu baharini. Mwaka 2020, wakati wa maradhi ya Korona, Hijja ilipofungiwa wale tu waliokuwemo ndani ya Saudi Arabia, mamilioni ya Waislamu waliiona Makka kwa kioo, na hakuna aliyevunjiwa heshima kwa kutazamwa. Ndugu zetu walio Maskati na London huwazika wazee wao kwa macho, kwa simu iliyoshikwa na jamaa makaburini, na machozi yao ni ya kweli. Kioo si haramu wala halali kwa kuwa kioo. La kuangaliwa ni nani amesema karibu.

Na hilo, ndugu msomaji, sisi watu wa pwani tulilijua kabla ya umeme. Tuna neno "hodi". Mtu hupiga hodi mara tatu, akikosa jawabu hurudi, wala hasimami akauelekeza uso wake ndani ya mlango. Tulifundishwa kwamba hodi imewekwa kwa ajili ya jicho: mwili ulio nje haudhuru, lakini jicho likishaingia, mtu ameshaingia. Basi mbona nyumba ikirushwa kwenye simu tunaingia bila ya hodi, tukaketi, tukahesabiwa? Aliyeshika simu ukumbini si mwenye nyumba. Hana mamlaka ya kutukaribisha katika stara ya mwingine.

Nimejiwekea mambo matatu, nawe uyapime. Kinachoniangukia nisichoalikwa na mwenyewe, sikikalii; naondoka kabla mashine haijanihesabu kuwa miongoni mwa waliokaa. Nikiweza kukizuia, nazuia: naripoti, napiga simu, natuma mtu, naenda kwa miguu. Na sikipeleki mbele, hata kwa kulaani, kwani wako watu wengi wanaosambaza fedheha huku wakiilaani.

Nataka pia niseme neno juu ya mpwa wangu, maana wazee tuna mazoea ya kuwatupia vijana kila lawama. Kijana yule hakukosa kama nilivyokosa mimi. Yeye alimwonyesha mkubwa wake, kisha akangoja aone mkubwa atafanya nini. Nami nikamfundisha, bila ya kusema neno, kwamba aibu ya jirani hutazamwa dakika mbili, ikaletewa istighfari, kisha watu wakarudi kwenye mpira. Hakuna sheikh atakayemfutia somo hilo kwa wepesi. Sharti nilifute mimi.

Kwa hivyo nilimchukua tukaenda pamoja kwa yule bibi. Nilimwambia mbele ya kijana, "Bibi, niliona, na sikukwambieni, na nilikuwa naweza. Nisamehe." Bibi alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mimi nimekusamehe, mwanangu. Mwenyewe yuko ndani, sijui kama atakubali kutoka." Hakutoka. Tulingoja, tukanywa chai, tukaondoka. Sikumlaumu. Watu mia tatu walikuwa wameshamwona, na hapakuwa na sababu ya kutaka aonekane na wawili zaidi.

Twamwomba Mwenyezi Mungu ayasitiri mambo yetu na ya majirani zetu, na atupe macho yanayojua pa kukaa na pa kuondoka. Wabillahi tawfiki.